Maswali ya Wasomaji: Maziwa ya Mama, Kirutubisho na Utumbo wa Mtoto Njiti

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu watoto njiti na tumbo. Anayezijibu ni muuguzi mkunga aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi za watoto wachanga hapa Dodoma.

SWALI: Shikamoo Sista. Nina umri wa miaka 24 na ninaishi Chamwino. Nimejifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na uzito wa gramu 1,200, na leo ni siku ya tisa tuko wodini Dodoma mjini. Analishwa kwa mpira wa puani. Wifi yangu anayeishi Marekani ameniambia kwamba kule watoto kama wangu hupewa dawa iliyotengenezwa kwa maziwa ya akina mama wengine, ambayo inazuia utumbo usioze, na yuko tayari kuinunua na kuituma. Nimwambie aitume? Mimi ninakamua, lakini maziwa ni machache, na ninaona kama mwanangu ananyimwa kitu. (Mama wa Chamwino)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua. Usimwambie aitume. Wifi yako hajakudanganya, maana bidhaa anayoisema ipo kweli, lakini haiwezi kukufikia ikiwa salama, na sehemu kubwa ya kinga unayoitafuta ndani yake unaikamua wewe mwenyewe usiku na mchana bila kujua thamani yake.

Ugonjwa unaowatisha watu, ambao madaktari huuita enterokolitisi nekrotiki, huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye uzito chini ya gramu 1,500. Utumbo wa mtoto wa wiki 30 haujamaliza kujengwa: misuli yake bado haisukumi maziwa kwa mpangilio, ute unaoufunika kwa ndani ni mwembamba, tindikali ya tumboni ni kidogo, na kinga yake ikikutana na bakteria hulipuka kupita kiasi badala ya kupambana kwa kadiri. Hapo ukuta wa utumbo huvimba, sehemu yake hukosa damu ya kutosha na kuanza kufa, na wakati mwingine hutoboka. Mara nyingi ugonjwa huu hauji siku ya kwanza. Hujitokeza mtoto akiwa ameshaanza kulishwa, aghalabu katika wiki ya pili au ya tatu, na ndiyo maana wauguzi wanampima mwanao tumbo na kuuliza habari za choo chake hata anapoonekana mzima.

Maziwa ya binadamu hupunguza hatari hii kwa njia kadhaa kwa pamoja. Yana kingamwili zinazotandaza ulinzi juu ya ukuta wa utumbo, yana laktoferini inayowanyima bakteria wabaya madini ya chuma, na yana sukari za aina yake ziitwazo oligosakaridi, zaidi ya 100 kwa aina, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Mwenyezi Mungu hakuziweka bure: ni chakula cha bifidobakteria, wale bakteria wema wanaowahi kukalia nafasi kabla ya waharibifu. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya watoto njiti 926, na wale waliolishwa maziwa ya kopo peke yake waliugua ugonjwa huu mara 6 hadi 10 zaidi ya wale waliolishwa maziwa ya mama peke yake.

Sasa nije kwenye hiyo unayoiita dawa, ambayo kwa kweli ni kirutubisho. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana protini, kalsiamu na fosforasi za kumtosha mtoto mdogo sana ambaye alipaswa kuwa bado tumboni akivipokea kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo hospitali nyingi duniani huongeza kirutubisho ndani ya maziwa yaliyokamuliwa ili mtoto akue na mifupa yake iwe imara. Kirutubisho cha kawaida hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Kile alichokisikia wifi yako, ambacho kampuni ya Prolacta ya Marekani ni mmoja wa watengenezaji wake, hutengenezwa kwa maziwa ya akina mama wengi waliochunguzwa damu, kisha maziwa hayo huchanganywa, huuawa vijidudu kwa joto na kukolezwa.

Je, kinazuia ugonjwa? Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu matangazo hukimbilia nusu ya habari. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto 207 wa Marekani na Austria, na waliopewa mlo wa maziwa ya binadamu mtupu pamoja na kirutubisho cha maziwa ya binadamu waliugua kwa kiasi cha nusu ya wenzao. Lakini wale wenzao, maziwa ya mama yalipopungua, walipewa maziwa ya kopo, kwa hiyo huwezi kujua aliyewadhuru ni kirutubisho au ni kopo. Baadaye Kanada, mwaka 2018, na Uswidi, mwaka 2024, walifanya jaribio safi zaidi: watoto wote walipewa maziwa ya mama zao au ya wachangiaji, na kilichotofautiana ni kirutubisho tu. Katika jaribio la Uswidi lililokuwa na watoto 228 waliozaliwa kabla ya wiki 28, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili katika ugonjwa wa utumbo, maambukizi ya damu au vifo. Mimi nikiziweka tafiti hizo pamoja naelewa hivi: kinachomlinda mtoto kwa nguvu ni kulishwa maziwa ya binadamu na kuepushwa na kopo; kirutubisho, cha asili yoyote, kazi yake hasa ni ukuaji.

Tena bidhaa hiyo ni ya maji, hugandishwa, na husafirishwa ikiwa imeganda hadi kwenye friza ya hospitali, ambako hupimwa kwa mililita kwa amri ya daktari. Haiuzwi dukani. Bei yake kwa mtoto mmoja hufika maelfu ya dola. Kitu kitakachotumwa kwa posta na kupita kwenye joto la uwanja wa ndege, tena kwa jina la maziwa ya watu usiowajua, kisikaribie mpira wa mwanao. Waulize madaktari wenu swali lililo karibu zaidi: je, mwanangu anahitaji kirutubisho, na kipo? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 haukiagizi kwa kila njiti, bali unasema kinaweza kufikiriwa kwa mtoto wa chini ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 anayelishwa maziwa ya binadamu. Mwanao yumo katika kundi hilo, kwa hiyo una haki ya kuuliza na kuelezwa.

Tuje kwenye hayo maziwa unayoyaita machache. Mtoto wa gramu 1,200 akifikia mlo kamili wa mililita 150 kwa kila kilo hupata mililita 180 kwa siku nzima. Akilishwa kila baada ya saa mbili, hiyo ni mililita 15 kila mara, yaani vijiko vitatu vya chai. Na hakuanza na hizo. Alianza na matone, akaongezewa siku hadi siku. Namkumbuka mama mmoja aliyeniletea kikombe siku ya pili baada ya kujifungua, uso umemshuka, dang'a limelowanisha kitako cha kikombe tu, akiniomba nikaoshe kikombe ili ajaribu tena. Nilikiinamisha chini ya taa, nikavuta kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, ikapatikana mililita 0.6, ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Tuliidondosha tone kwa tone ndani ya mashavu ya mtoto, kushoto na kulia, naye akawa anachezesha ulimi. Yule mama hakuomba tena nikaoshe kikombe.

Kamua mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiruke usiku, kwa kuwa maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Nawa mikono kwa sabuni, kanda titi kwa upole, kisha bana kwa kidole gumba na cha shahada nyuma ya duara jeusi, ukisukuma kwanza kuelekea kifuani, bila kuvuta chuchu. Kamua ukiwa umekaa karibu na mtoto, au mara tu baada ya kumbeba kifuani kwa njia ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, maana mwili hutiririsha zaidi unapomnusa mwanao. Kumbeba huko kwenyewe ni tiba. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania, watoto waliobebwa hivyo mapema tangu kuzaliwa walipungukiwa na hatari ya kufa ndani ya siku 28 kwa asilimia 25. Muulize muuguzi saa ngapi unaruhusiwa kuanza, na ukiruhusiwa, kaa naye kwa saa nyingi kadiri mwili wako unavyoweza.

Na kama tumbo la mwanao litajaa na kung'aa, akitapika rangi ya kijani, choo kikionyesha damu, akilegea au akisahau kupumua, usisubiri zamu ya daktari. Mwite muuguzi aliye karibu dakika hiyo hiyo.

SWALI: Mbukwenyi! Mimi ni mzee wa Mpwapwa. Mjukuu wangu alizaliwa njiti, ameruhusiwa akiwa na gramu 1,900, na sasa tuko naye nyumbani. Anakunywa maziwa ya mama yake kwa kikombe na ameanza kunyonya. Lakini nayaona maziwa ya huyu binti ni mepesi, yana rangi ya maji. Sisi tumekuzwa kwa maziwa ya mbuzi na uji wa uwele. Je, siwezi kumwongezea mtoto maziwa kidogo ya mbuzi ili yawe mazito, kama huko hospitali wanavyoongeza vitu vyao? (Babu wa Mpwapwa)

JIBU: Mbukwa, babu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kukamua mbuzi.

Maziwa yanayoonekana kama maji ni yale yanayotangulia. Kadiri titi linavyoendelea kutoa ndivyo mafuta yanavyoongezeka, hadi ya mwisho yanakuwa meupe mazito. Usiyahukumu kwa yale ya kwanza. Binti akamue kwanza yale mepesi kwenye kikombe kimoja, halafu yale ya mwisho kwenye kikombe kingine, na hayo ya mwisho ndiyo mtoto aanze kupewa anapolishwa kwa kikombe. Hiyo ni njia inayotumiwa hata katika wodi zisizo na kirutubisho chochote, ingawa huongeza nguvu ya mafuta zaidi kuliko protini.

Maziwa ya mbuzi ni kitu kingine kabisa. Protini na chumvi zake ni nyingi mno kwa figo changa za njiti, folati yake ni kidogo, na yakiwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa bruselosisi pamoja na wa kuhara. Kirutubisho cha hospitali, hata kile kinachotokana na ng'ombe, kimepimwa, kimegawanywa kwa gramu, na anayekitumia anapima uzito na damu ya mtoto. Kijiko cha maziwa ya zizini hakina kipimo hicho. Vivyo hivyo uji, maji ya uvuguvugu na dawa za kutuliza tumbo, vyote visubiri. Na kama mtu atawashawishi kununua maziwa ya kopo bila agizo la daktari, mjue kwamba unga wake hauuawi vijidudu wote kiwandani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani husema uchanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 za joto kisha upoozwe, jambo ambalo ni gumu kulisimamia kila saa tatu kwa jiko la mkaa.

Ule uwele wako, babu, na mlenda, na kunde, na yale maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakafoka, mpe mama yake. Ale mara nyingi, anywe, na asikate kuni wala kuteka maji katika miezi hii, kwa sababu kunyonyesha njiti ni kazi ya kutwa na kucha. Mtoto apelekwe kliniki kupimwa uzito, na muulize huko kuhusu matone ya madini ya chuma na vitamini D, ambayo ndiyo nyongeza halali kwa mtoto wa aina yake. Akiongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, lala usingizi.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Kondoa. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, mtoto ni njiti, na dada amelazwa chumba cha mahututi. Jirani yetu mwenye mtoto wa miezi minne amejitolea maziwa yake. Wengine wanasema huko kwingine kuna benki za maziwa. Sisi tunahofia mambo mawili, maradhi na undugu wa ziwa moja, maana kwa Kiislamu walionyonya mama mmoja ni ndugu na hawaoani. Tufanyeje? (Msomaji wa Kondoa)

JIBU: Wa alaykum salaam. Hofu zenu zote mbili ni za haki.

Kwa upande wa maradhi, maziwa mabichi ya mtu mwingine yanaweza kupitisha VVU na bakteria, hata kama mtoaji anaonekana mwenye afya tele. Katika benki ya maziwa mama huhojiwa, hupimwa damu, kisha maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, hupoozwa haraka na kuchunguzwa kabla ya kugandishwa. Joto hilo huua VVU na bakteria wa hatari, ingawa hupunguza pia sehemu ya kinga, na ndiyo sababu maziwa ya mchangiaji hubaki ya pili baada ya maziwa ya mama mwenyewe. Majirani zetu wa Kenya walifungua benki ya namna hiyo katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Hapo mlipo, jirani asimnyonyeshe wala kumkamulia mtoto kabla wauguzi hawajajua na vipimo vyake havijafanyika. Na mtu asije akachanganya jambo hili na la mama anayeishi na VVU: huyo, akitumia dawa zake vizuri, humkamulia na kumnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa maelekezo ya kliniki.

Kuhusu undugu wa ziwa moja, mimi ni muuguzi, si mwanachuoni, na sitavaa kilemba kisicho changu. Ninachoweza kuwaeleza ni kwamba wanazuoni wenyewe wamelijadili. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza benki za maziwa, hasa kwa sababu mtoaji hajulikani na undugu unaweza kupotea. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 2004, liliruhusu mtoto njiti mwenye haja kupewa. Swali hilo hilo linakigusa pia kile kirutubisho cha maziwa ya binadamu nilichomweleza mama wa Chamwino, kwa kuwa chupa yake moja ina maziwa ya wanawake wengi. Kwenu hali ni nyepesi kidogo, maana jirani mnamjua kwa jina na ukoo wake mnaujua. Kaeni na sheikh wenu leo, mumweleze hali ya mtoto na uzito wake, na mkiamua kuyatumia, andikeni majina ya pande zote mbili mahali pa kudumu.

Wakati huo huo mwulizeni daktari kama dada anaweza kusaidiwa kukamua hapo hapo kitandani. Mara nyingi inawezekana mapema kuliko watu wanavyodhani, na dawa nyingi anazopewa mama baada ya upasuaji hazizuii.

SWALI: Mtoto wetu wa wiki 29 alikuwa anaendelea vizuri. Jana tumbo lilivimba, wakapiga picha, wakasimamisha maziwa, wakamwekea dripu na antibiotiki. Mke wangu analia, na amesema hakamui tena kwa sababu hakuna wa kumpa. Nimwambie nini? (Baba wa Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Pole sana, baba, na mfikishie mama pole yangu. Mwambie kwanza kwamba maziwa yake hayakumdhuru mtoto. Hata watoto wanaolishwa maziwa ya mama peke yake huweza kuugua, ila kwa uchache zaidi, na kumpumzisha utumbo pamoja na antibiotiki ndiyo matibabu yenyewe. Kwa kawaida mapumziko hayo huchukua siku kadhaa, mara nyingi 7 hadi 10, kutegemea picha na hali ya tumbo. Madaktari wa upasuaji huitwa pale utumbo unapotoboka au hali inapozidi kuzorota, kwa hiyo msishtuke mkiwaona wamekuja kumtazama tu.

Siku watakapofungua tena ule mpira, kitu cha kwanza watakachotafuta ni maziwa ya mama huyo, mililita moja au mbili, na kama titi litakuwa limekauka watatafuta kitu kingine. Kwa hiyo akamue kana kwamba mtoto anasubiri. Ombeni wodini chupa safi, andikeni jina, tarehe na saa, na mwulize muuguzi kama kuna friza. Kwenye joto la Dodoma la miezi ya kabla ya mvua msiyaache mezani zaidi ya saa nne. Dang'a na maziwa ya siku za mwanzo, kama alihifadhi, yawekwe mbele ili yatumike kwanza.

Na wewe, baba, una kazi. Leo usiku saa nane mwamshe kwa upole, mpe kikombe cha maji ya kunywa, mshikie chupa wakati anakamua, kisha uipeleke wewe mwenyewe kwa muuguzi wa zamu ikiwa imeandikwa jina la mtoto wenu.